Mwimbaji Aliyeingia Katika Sinema: Habari za Hattie McDaniel

 

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za mwanamke mmoja wa Marekani, jina lake Hattie McDaniel. Alianza kazi kwa kuimba, akaendelea kwa kucheza katika sinema, na mwaka 1940 akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kupewa tuzo ya Oscar, ambayo ndiyo sifa kubwa kuliko zote katika kazi ya sinema huko kwao. Lakini sikumchagua kwa ajili ya tuzo peke yake. Nimemchagua kwa kuwa maisha yake yaliamsha ubishi mkubwa, na ubishi huo wafaa kuzungumzwa katika baraza zetu na katika madarasa yetu. Ubishi wenyewe ni huu: mtu akifunguliwa mlango mmoja tu, nao ni mfupi hata hana budi kuinama ili apite, je, aingie au akatae? Hattie aliingia. Wako watu wa asili yake waliomsifu, na wako waliomlaumu mpaka mwisho wa maisha yake. Nitawaeleza kwanza mambo yalivyokuwa, kisha nitawaambia nionavyo mimi, nanyi mtapima wenyewe.

Hattie alizaliwa tarehe 10 Juni 1893, katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas, katikati ya nchi ya Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto 13. Baba yake, Henry McDaniel, alizaliwa mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea kati ya mwaka 1861 na 1865, alikuwa askari wa upande wa Kaskazini, upande ule ulioshinda na kuukomesha utumwa. Vita vilimwachia maumivu mwilini, hata kazi nzito ikamshinda mara kwa mara, na nyumba yake haikupata kuaga umaskini. Mama yake, Susan, naye alizaliwa katika utumwa, na alikuwa mwimbaji hodari wa nyimbo za dini. Basi mtoto huyu alikuta nyimbo nyumbani kama vile mtoto wa mvuvi akutavyo nyavu. Alipokuwa mtu mzima alisimulia mwenyewe kwamba utotoni aliimba kutwa bila kupumzika, hata mara nyingine mama yake akampa senti tano anyamaze.

Baadaye jamaa hii ilihamia jimbo la Colorado, na Hattie akasoma katika mji wa Denver. Shuleni humo watoto weusi walisoma pamoja na watoto wa Kizungu, jambo lisilopatikana katika majimbo ya Kusini siku zile. Mwaka 1910 alishinda nishani katika mashindano ya kusema mashairi mbele ya watu, mashindano yaliyowekwa na chama cha wanawake waliopinga ulevi. Wasikilizaji wake walilia, naye akatambua kwamba anao uwezo wa kuwatia watu majonzi kwa sauti yake. Muda si mrefu akaacha shule, akafuata kikundi cha ndugu zake cha michezo na nyimbo, wakizunguka mji hata mji.

Kazi ile haikuwa rahisi. Kikundi kilisafiri, kikaimba, kikagawana mapato, na mapato yakawa kidogo. Kila msimu wa maonyesho ulipokatika, Hattie alirudi jikoni na kwenye beseni la kufulia katika nyumba za watu. Yafaa mlikumbuke jambo hili, maana litakuja kutufaa mbele: mwanamke huyu, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa kuigiza mtumishi, alikuwa mtumishi kweli kweli kwa miaka mingi, akayajua maji ya moto na pasi na taabu ya kuamka kabla ya mwenye nyumba.

Katika miaka iliyofuata mwaka 1920 aliimba pamoja na bendi ya George Morrison, mpiga fidla mashuhuri wa Denver. Katika miaka hiyo pia aliimba katika redio ya Denver, wakati redio yenyewe ilipokuwa bado kitu kipya, na wanawake weusi waliokwisha kuimba katika redio ya Marekani walikuwa wachache sana. Kisha kati ya mwaka 1926 na 1929 alitia nyimbo zake katika sahani za gramafoni, na baadhi ya nyimbo hizo alizitunga mwenyewe.

Nyimbo alizoziimba zilikuwa za namna iitwayo blues. Katika nyimbo hizo mwimbaji husimulia taabu zake: mpenzi aliyeondoka, kodi ya nyumba isiyolipwa, safari isiyo na nauli. Lakini husimulia kwa namna ambayo msikilizaji hujikuta akicheka na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Mwimbaji wa blues hupaswa kujua mahali pa kukaza neno na mahali pa kulilegeza, mahali pa kunyamaza kidogo ili watu wangoje, na mahali pa kutupa jicho upande wa pili. Sisi tunao manju wa ngoma na waimbaji wetu wa taarabu, nasi twajua kwamba mwenye sauti tamu peke yake hatoshi. Watu humfuata yule ajuaye kulishika neno na kuliachia kwa wakati wake. Hiyo ndiyo shule aliyosoma Hattie McDaniel, na hakusoma nyingine ya kuigiza.

Mwaka 1929 ikaja dhiki kubwa ya fedha nchini Marekani. Benki zilifungwa, viwanda vilisimama, na watu waliokuwa wakilipa kiingilio ili wasikilize nyimbo hawakuwa na senti. Hattie akajikuta katika mji wa Milwaukee, hana bendi wala kazi. Akaenda katika nyumba moja ya muziki na starehe iliyoitwa Club Madrid, mali ya bwana mmoja, Sam Pick. Waimbaji wa pale walikuwa Wazungu. Yeye alipewa kazi ya kungoja katika chumba cha kunawia cha wanawake, kuwapa wageni taulo na kupokea bakshishi. Usiku mmoja waimbaji walikuwa wamekwisha kuondoka, na mwenye nyumba akauliza kama yuko mtu awezaye kuimba. Hattie akajitokeza, akaimba wimbo wa St. Louis Blues. Tangu usiku ule hakurudi tena kugawa taulo. Akawa mwimbaji wa nyumba ile.

Mwaka 1931 akaenda Los Angeles, mji ambao Hollywood, makao ya watengenezaji wa sinema, ni sehemu yake. Ndugu zake, Sam na Etta, walikuwa wamemtangulia huko. Sam alikuwa na nafasi katika redio iitwayo KNX, naye akamwingiza dada yake. Hattie akapendwa mara moja na wasikilizaji. Lakini mshahara wake ulikuwa mdogo hata ikamlazimu aendelee kufanya kazi katika nyumba za watu. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Sauti yake iliingia katika sebule za maelfu ya watu, na huenda mabibi wengine waliifurahia wakati wasichana weusi walipokuwa wakiwapangusia meza.

Sasa twafika kwenye sinema. Kwanza alipewa nafasi ndogo sana: apite nyuma ya wengine, afungue mlango, aimbe katika kundi la waimbaji. Katika picha nyingi jina lake halikuandikwa hata kidogo. Mwaka 1934, katika picha iitwayo Judge Priest, aliimba pamoja na Will Rogers, ambaye siku hizo alikuwa mmojawapo wa wachezaji waliopendwa kabisa na Wamarekani. Mwaka 1935 alicheza katika Alice Adams, akawa mpishi anayeandaa karamu huku akionyesha wazi kwa uso wake kwamba karamu hiyo imemchosha. Watu wakacheka sana. Mwaka 1936, katika Show Boat, aliimba pamoja na Paul Robeson, mwimbaji mkubwa mwenye sauti nzito.

Mtaona kwamba karibu kila mara alikuwa mpishi, dobi au yaya. Sababu yake ni hii. Katika majimbo ya Kusini sheria ziliwatenga watu weusi na Wazungu katika shule, katika magari, na katika nyumba za sinema. Wenye kutengeneza picha waliogopa kwamba wakimwonyesha mtu mweusi kuwa daktari, au mwalimu, au mpenzi katika hadithi ya mapenzi, wenye nyumba za sinema za Kusini wataikataa picha, na fedha itapotea. Hata hivyo si Kusini peke yake. Wengi wa hao watengenezaji wenyewe hawakuwa wamewahi kumfikiria mtu mweusi katika nafasi nyingine yoyote. Basi nafasi zilizobaki zilikuwa za watumishi, wapagazi na wachekeshaji wapumbavu. Ule ndio mlango mfupi niliousema mwanzo.

Hattie alifanya nini ndani ya mlango ule? Alitumia ufundi wa nyimbo. Watumishi wake hawakuwa wanyonge. Walinung'unika, walimkaripia bwana na bibi, walikunja uso, na neno dogo waliloandikiwa walilisema kwa mkazo hata likawa kubwa. Jambo hili lilionekana wazi, hata baadhi ya watu wa Kusini waliandika kulalamika kwamba mtumishi huyu amezidi kuwasema mabwana zake.

Mwaka 1936 mwanamke mmoja wa mji wa Atlanta, Margaret Mitchell, alitoa kitabu kiitwacho Gone with the Wind. Ni hadithi ya binti wa tajiri mwenye mashamba na watumwa katika jimbo la Georgia, wakati wa vita vile alivyopigana baba yake Hattie, na baada ya vita. Mtengenezaji wa sinema David O. Selznick alikinunua kitabu ili akifanye picha. Watu weusi wengi walichukizwa, kwa kuwa hadithi yenyewe yaonyesha kana kwamba watumwa waliridhika na hali yao, na kana kwamba kumalizika kwa utumwa kulikuwa msiba. Magazeti yao yakapinga, na vyama vyao vikamwandikia Selznick. Walishinda katika jambo moja: neno la matusi walilokuwa wakiitwa watu weusi liliondolewa katika maneno ya wachezaji. Lakini hadithi haikubadilishwa.

Hattie akapewa nafasi ya yaya, ambaye katika hadithi hana hata jina lake mwenyewe. Huitwa Mammy tu. Ndiye anayemlea yule binti, ndiye anayemvisha, na ndiye peke yake awezaye kumwambia ukweli usoni. Wengi hukumbuka mahali anapomkaza kanda za kiunoni huku akimgombeza ale chakula kabla ya kwenda karamuni. Lakini pana mahali pengine penye nguvu zaidi. Mtoto mdogo wa nyumba ile amekufa kwa kuanguka na farasi. Yaya anapanda ngazi ndefu pamoja na bibi mmoja rafiki wa nyumba, na huku wakipanda anamsimulia jinsi baba wa mtoto alivyoshikwa na wazimu wa huzuni hata akakataa mtoto asizikwe. Hapana wimbo pale. Ni mwanamke anayepanda ngazi akisema na kulia. Lakini mkimsikiliza vizuri mtasikia kwamba maneno yapanda na kushuka, yasimama na kuendelea, kama wimbo wa maombolezo. Yule msichana aliyewaliza watu wa Denver kwa shairi mwaka 1910 alikuwa hajaisahau kazi yake.

Picha ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Atlanta tarehe 15 Desemba 1939. Mji ulipambwa, watu wakajaa barabarani, wachezaji wakaja kwa shangwe. Hattie McDaniel hakuwako, wala mchezaji mwingine mweusi hakuwako, kwa sababu ya desturi na sheria za kutengana.

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940 tuzo za Oscar zilitolewa katika Hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli ile haikupokea watu weusi. Selznick alilazimika kuomba ruhusa maalumu ili Hattie aingie, na alipoingia aliwekwa katika meza ndogo kando ya ukuta, pamoja na mtu aliyemsindikiza na wakala wake, mbali na meza waliyokaa wachezaji wenzake wa picha ile ile. Jina lake likatajwa kuwa mwanamke mshindi miongoni mwa wachezaji wasaidizi. Akatembea kutoka ukutani mpaka mbele, watu wakasimama na kumpigia makofi. Akashukuru kwa unyenyekevu, akasema atumaini daima kuwa sifa njema kwa watu wa asili yake na kwa kazi ya sinema. Machozi yakamjia, akashuka. Katika dakika chache zile heshima na fedheha zilikaa katika chumba kimoja, na mtu aliyepewa zote mbili alikuwa ni yeye.

Mtu angedhani kwamba baada ya ushindi ule milango mingine itafunguka. Haikufunguka. Aliendelea kuletewa maandiko yale yale, afungue mlango, apike, alee mtoto wa bibi. Na hapo ndipo ubishi ulipopamba moto. Mwaka 1942 Walter White, mkuu wa chama kikubwa cha kutetea haki za watu weusi wa Marekani, kiitwacho NAACP, alikwenda Hollywood kuwataka watengenezaji wa sinema waache kuwaonyesha watu weusi kuwa watumishi na wapumbavu tu. Hoja yake ilikuwa na uzito. Watu mamilioni waliokaa mbali na watu weusi walijifunza habari zao katika sinema, nasi twasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Aonaye mjinga mmoja mweusi katika picha hudhani wote ndivyo walivyo. Hattie naye akajibu kwa hoja yake. Alisema kwamba afadhali kulipwa mamia ya dola kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola chache kwa kuwa mtumishi kweli. Aliyetaka kulitafsiri jibu lake kwa Kiswahili angeweza kusema: mtumikie kafiri upate mradi wako.

Mwaka huo huo wa 1942 alifika Hollywood mwimbaji mwingine, Lena Horne, binti wa Brooklyn aliyezaliwa mwaka 1917. Huyu alikuwa kijana na mzuri wa sura, na katika mkataba wake na kampuni ya MGM ilikubaliwa kwamba hatapewa nafasi ya mtumishi. Mtadhani basi kwamba amepita mlango mrefu. Yaliyompata ni haya. Mwaka 1943 alipata nafasi kubwa katika picha mbili ambazo wachezaji wake wote walikuwa weusi. Lakini katika picha za Wazungu aliwekwa aimbe wimbo mmoja amesimama karibu na nguzo, amevaa vazi zuri, bila kusema neno na mtu yeyote. Ilifanywa hivyo makusudi, ili picha ipelekwapo Kusini kipande chake kikatwe na hadithi isiharibike. Aliyekubali kuwa mtumishi alionekana lakini hakuheshimiwa. Aliyekataa utumishi aliheshimiwa katika mkataba lakini alikatwa kwa mkasi. Wachezaji wengine weusi walimwonea Lena uchungu, wakidhani msimamo wake utawanyima kazi. Hattie McDaniel, ambaye alikuwa na sababu kuliko wote ya kumchukia, alimkaribisha nyumbani kwake akamtia moyo. Lena mwenyewe alilisimulia jambo hilo baadaye kwa shukrani.

Nimetaja nyumba, na nyumba hiyo ina habari yake. Hattie alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa Los Angeles uitwao Sugar Hill. Zamani wenyeji wa mtaa ule walikuwa wameandikiana mapatano kwamba nyumba zao zisiuzwe wala zisikaliwe na mtu asiye Mzungu. Watu weusi wenye uwezo walipoanza kununua, baadhi ya Wazungu wakawashitaki ili wafukuzwe. Hattie hakuhama. Aliwakusanya jirani zake nyumbani kwake, wakashauriana, wakaweka wakili, Loren Miller, wakaenda mahakamani pamoja. Mnamo Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupilia mbali kesi ile, akasema ni wakati watu weusi wapewe haki zao zote zilizoandikwa katika katiba. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi nyingine, ikaamua kwamba mapatano ya namna ile hayawezi kutiwa nguvu na mahakama yoyote nchini. Basi fedha aliyoipata kwa kuvaa aproni katika sinema ndiyo iliyonunua nyumba ile, na nyumba ile ikawa silaha katika vita vya haki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili pia aliongoza kamati ya wachezaji weusi waliokwenda kuwaimbia na kuwachangamsha askari weusi kambini.

Mwezi wa Novemba 1947 alirudi redioni, mahali alipoanzia. Palikuwa na mchezo wa kuchekesha wa mtumishi mweusi aitwaye Beulah. Mwajua nani aliyekuwa akiigiza sauti ya Beulah hapo mwanzo? Mwanamume wa Kizungu! Baada ya kufa kwake nafasi ikapewa Mzungu mwingine, na ndipo mwishowe ikafika kwa Hattie, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mkuu wa mchezo wake katika redio ya Marekani nzima. Mshahara wake ulikuwa dola 1,000 kwa wiki. Tena safari hii aliweka masharti: hatazungumza ile lugha iliyovunjwavunjwa waliyoandikiwa wachezaji weusi, na maneno asiyoyapenda yabadilishwe. Beulah alikuwa mtumishi bado, lakini alisema kama mtu.

Ugonjwa wa saratani ukamkamata, akafa tarehe 26 Oktoba 1952, umri wake miaka 59. Alikuwa ameacha wasia kwamba azikwe katika makaburi ya Hollywood, walimolala wachezaji wengi wakubwa. Wenye makaburi wakakataa, kwa sababu ya rangi yake. Akazikwa Rosedale. Tuzo yake, ambayo ilikuwa kibao kidogo kama walivyopewa wachezaji wasaidizi wa siku zile, aliwaachia Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo kilichosomesha watu weusi wengi mashuhuri. Baadaye kibao kile kikapotea.

Baada ya tuzo ya mwaka 1940, ilipita miaka 51 kabla mwanamke mwingine mweusi hajapata Oscar ya uchezaji. Naye alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Mwaka 1999 mwenye makaburi mpya wa Hollywood alitaka kumhamisha Hattie aje alale alipopataka. Jamaa zake hawakupenda kumsumbua kaburini, basi likawekwa jiwe la ukumbusho kando ya ziwa la makaburi yale. Mwaka 2006 sura yake ilitiwa katika stempu ya posta ya Marekani. Na mwaka 2023 Chuo cha Howard kilipewa kibao kingine mahali pa kile kilichopotea.

Sasa niseme nionavyo mimi. Shuleni, tugawapo sehemu za mchezo wa kuigiza, kila mtoto ataka kuwa mfalme, na ambaye sehemu ya mtumishi imemwangukia hununa. Mwalimu humwambia kwamba hapana sehemu ndogo kwa mchezaji hodari, na ni kweli. Lakini mwalimu akigawa sehemu mwaka hata mwaka, na kila mwaka watoto wa kijiji kimoja wakawa wafalme na watoto wa kijiji kingine wakawa watumishi, hapo uhodari wa mtoto si jibu tena. Hapo yafaa mwalimu aulizwe.

Kwa hiyo Walter White na wenziwe walikuwa na haki kumwuliza mwenye kugawa. Ubaya ulikuja pale lawama ilipomwacha mgawaji ikamrukia mchezaji. Hattie hakuandika zile hadithi, hakuwa na kampuni, wala hakuweka zile sheria za Kusini. Alichokuwa nacho ni sauti, na sauti ile aliitia katika kila nafasi ndogo aliyopewa, hata watu wakamwona mtu mahali palipoandikwa mtumishi. Wala sitasema kwamba hakulipa gharama. Alilipa kwa jina lake miongoni mwa watu wake, na kwa nafasi zote ambazo angaliweza kuzicheza na hakupewa. Sisi hatutaziona kamwe picha hizo, kwa kuwa hazikufanywa, na hasara hiyo ni yetu sote.

Nami naona kwamba aliyeingia kwa kuinama, na aliyekataa kuinama, na aliyesimama nje akigonga kwa nguvu, wote watatu waliutikisa mlango ule ule. Hattie aliliona jambo hilo, ndiyo maana alimkaribisha Lena Horne mezani kwake.

Walimu, wapeni wanafunzi wenu swali hili walijadili kwa hoja: je, wangekuwa wao, wangeingia au wangekataa? Na atakayejibu, aseme pia gharama ya jibu lake angeilipa nani. Nanyi wazee barazani, msiwaachie watoto peke yao mjadala huu.